Kupogoa Mashine

Baba yangu alikuwa bwana shamba wa kahawa, na nilipokuwa mdogo sikuwahi kumwona akitoka nyumbani bila mkasi wa kupogolea kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Alipanda na kushuka miteremko ya Machame kwa miguu, kihamba hadi kihamba, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba za watu, na kila alikofika watu walikuwa wanamngoja. Walimtolea kigoda, wakamletea mbege, pombe yetu ya ndizi, wakamwonyesha mbuni uliodhoofu kwa sauti ya chini, kama mzazi anavyomwonyesha daktari mtoto wake. Kigoda alikikataa. Aliuzunguka mti, akainama, akakata maotea, yale machipukizi yanayojiotea kwenye shina bila kupandwa na mtu, yanayonyonya nguvu ya mti na hayazai chochote. Hakuomba ruhusa. Mwenye shamba alisema "aika, mbe" kwa shukrani ya kweli, na baba akaendelea na njia yake.

Halafu wakampunguza. Ndivyo walivyosema, kupunguza, neno la adabu kwa kitu kisicho na adabu hata kidogo. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wamekuja na mizani zao, na huko juu wakubwa wakaamua kwamba mabwana shamba ni mzigo. Baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mama akadhani kuna mtu amefariki. Alipoambiwa habari yenyewe alienda jikoni kumwashia moto wa chai. Alisema baadaye kwamba angejua la kufanya kama ingekuwa msiba.

Bei ya kahawa ilianguka muda si mrefu baada ya hapo. Majirani waliacha mibuni yao iwe msitu. Wengine waliing'oa kimyakimya nyuma ya migomba, wakapanda nyanya na mahindi, wakaangalia pembeni baba alipopita. Nani angemhitaji mtu wa kupogoa mti ambao mwenyewe hautaki tena? Baba alivaa koti kila asubuhi, akakaa kwenye benchi karibu na njia, akangoja aje mtu kumuuliza kitu. Hakuja mtu. Chakula hatukukosa, tulikuwa na ng'ombe, tulikuwa na ndizi, na mimi nilikuwa naleta kidogo kutoka mjini. Kilichokuwa kinammaliza baba ni kwamba hakuna aliyemhitaji, na kila mmoja wetu pale nyumbani alilijua hilo, na hakuna aliyejua pa kumpatia mtu wa kumhitaji.

Mimi, binti yake, nilikuwa nimepanga chumba Pasua na nafanya kazi kwenye chumba cha intaneti mjini Moshi. Mwenye ofisi alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, na kompyuta zake alizinunua Ulaya kwa mtindo uleule wa marobota ya nguo, yaani bila kufungua. Zilipofika zilikuwa kuukuu kiasi kwamba hazikuweza kubeba ule mfumo wa kawaida wenye picha na kipanya. Mgeni mmoja wa kujitolea, aliyekuja kwa ajili ya mlima, alituhurumia akatuwekea Linux, mfumo mwingine mwepesi zaidi. Mashine moja kubwa ilisimama kwenye kona ikifanya kazi yote, na zile nyingine zilikuwa skrini na kibodi tu zilizoning'inia kwake kwa waya. Picha hakuna. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, unaandika amri na kungoja. Mgeni aliniachia rundo la CD lililofungwa kwa mpira, akapanda mlima, akashuka, akapanda ndege, na sikumsikia tena.

Programu zote zilikuwa ndani ya zile CD, zimefungwa vifurushi vifurushi. Ukitaka programu ya kusomea barua pepe unaandika apt-get install na jina lake, na mashine inapiga hesabu zake: kifurushi hiki kinahitaji kile, na kile kinahitaji vingine viwili. Inakuonyesha majina yote, inauliza kama iendelee, kisha inaanza kudai CD moja baada ya nyingine. Kutoa ni vivyo hivyo, apt-get remove. Ukitaka kutoa kitu ambacho vingine vimekiegemea, inakuambia kwamba na hivyo vingine vitaondoka. Nilijifunza haya kwa hasira na kwa kukosea, kwa sababu mimi si mtu wa subira, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza kutoka stendi mpaka soko kuu.

Baba aliingia katika habari hii kwa sababu ya presha. Alikuja kliniki, akaambiwa arudi mchana, akaja kunisubiri ofisini. Nilimweka kwenye kiti nyuma yangu. Siku hiyo nilikuwa naweka programu mpya ya barua, na mashine ilikuwa inadai CD, nami mikono yangu yote ilikuwa kwenye waya uliolegea nyuma ya meza.

"Baba, nipe hiyo iliyoandikwa tatu," nilimwambia.

Alinipa. Mashine ikaimeza, ikanguruma, ikadai nyingine. Akanipa tena, safari hii bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa ameshaisoma ile namba kwenye skrini.

"Inaomba?" aliuliza.

"Inaomba, baba."

"Na usipoipa?"

"Inangoja."

Alitikisa kichwa polepole. "Ina adabu," alisema.

Alirudi wiki ile ile, na hakuwa na kliniki. Nilimweleza habari ya vifurushi kutegemeana, nikidhani nitamchosha, lakini alinikatiza katikati. Kahawa inataka kivuli cha mgomba, alisema, mgomba unataka samadi, ng'ombe anataka majani ya mgomba. Mtu akimuuza ng'ombe anadhani ameuza ng'ombe tu. Nikamwambia ndivyo ilivyo, baba, hapo umemaliza. Tangu siku hiyo alishuka mjini kila siku ya soko na hata siku zisizo za soko, akakaa kwenye kile kiti pembeni ya mashine kubwa, na mimi nikampa neno la siri la msimamizi, kwa sababu nilikuwa peke yangu na kazi ilikuwa imenizidi. Mwenye ofisi alilijua jambo hilo na alilipenda, maana alikuwa anapata watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Baba alikuwa na mkono wa kutoa kuliko wa kuweka. Akiweka programu ya kalenda, baada ya siku chache anapita nyuma ya wateja akichungulia nani anaitumia, tabia mbaya ambayo nilishindwa kumkataza, na akiona haina mtu anaitoa. Alitoa michezo yote. Alitoa programu ya kuandikia muziki, ambayo hata mimi sikujua kama ipo. Kila alipomaliza alisoma ule mstari wa mwisho unaosema diski imepata nafasi kiasi gani, akajisemea "imepumua." Wateja walimzoea. Walikuwa masista, wanafunzi, vijana wa kupandisha wageni mlimani wanaoandikia wageni wao wa mwaka uliopita, na wote waliingia na shikamoo mzee. Programu ikigoma hawakuniita mimi tena.

"Mzee, hii imekwama."

"Usiipige. Toa mkono. Niachie mimi."

Nilimsikia akisema hivyo kwa sauti ile ile ya vihamba vya watu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu wampunguze. Mama aliniambia kwamba sasa anakula, anamaliza sahani ya kiburu, zile ndizi na maharage, na kuuliza kama kimebaki, na kwamba viatu vya Jumatatu anavipiga rangi tangu Jumapili mchana akitoka kanisani. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa jambo langu mwenyewe, na ndiyo maana yaliyofuata yameniingia vibaya namna hii.

Diski ya ile mashine ilikuwa ndogo na wateja walikuwa wanaongezeka. Ikijaa, barua pepe haziingii. Zinagonga mlango na kurudi zilikotoka, na anayengoja barua hajui kwamba ilikuja. Tulikuwa tumeshatoa kila tulichoweza kutoa. Asubuhi moja baba aliniita nitazame orodha ya vifurushi vyote vilivyomo, akanionyesha kwa kidole majina yanayoanza na lib. Yalikuwa mengi mno, kurasa na kurasa, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kuliandika likafunguka.

"Hizi nani alizipanda?"

"Hakuna, baba. Zilikuja zenyewe pamoja na zile nyingine."

"Zenyewe?"

"Zenyewe. Hizo tuziache, nyingine zimezishikilia."

Alisema sawa. Lakini niliona namna alivyoendelea kuitazama ile orodha, kichwa kimeinama upande, na naijua namna ile. Kwa mtu aliyetembea na mkasi maisha yake yote, kitu kilichojiotea bila kupandwa, ambacho hakizai, kilichojaa kila mahali wakati mti umekosa pumzi, kina jina moja tu.

Wiki iliyofuata, Jumanne, nilitumwa Arusha kununua kifaa cha printa, kwa sababu Moshi nzima hakikupatikana. Diski ikajaa siku hiyo hiyo. Mwenye ofisi alikuwa anangoja barua kuhusu kontena lake la mitumba lililokwama bandarini, barua haikuja, akaja mwenyewe ofisini akiwa amefura. Hakunikuta, akamkuta baba. Akauliza mbele ya wateja sisi tupo pale kwa kazi gani, akasema akirudi mchana anataka aikute barua yake, akatoka akaubamiza mlango.

Yaliyotokea baada ya hapo baba alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, na sikumuuliza tena. Alikaa kwanza akafikiri. Aliutazama mlango, akadhani labda nitarudi mapema. Kisha akafungua ile orodha, akachagua jina moja la lib, kifurushi kidogo ambacho hakuna mteja aliyewahi kukitaja. Mimi nakijua sasa. Ni kile kinachosaidia programu nyingine kuchora maandishi kwenye skrini, na katika chumba kama chetu, chenye maandishi matupu, karibu kila kitu kilikuwa kimekiegemea. Baba akaandika apt-get remove na lile jina.

Mashine ikatoa orodha ya vitakavyoondoka nacho, ndefu kuliko skrini, juu ikapotea kabla hajaisoma. Alisoma chini. Chini yalikuwa majina ya lib tu, yaani maotea juu ya maotea. Halafu mashine haikuuliza lile swali lake la kila siku la ndiyo au hapana. Ilimwambia kwamba anachotaka kufanya kinaweza kuleta madhara, na kama amedhamiria kuendelea aandike sentensi nzima kwa mkono wake, kwa Kiingereza, herufi kwa herufi: Yes, do as I say! Ndiyo, fanya kama ninavyosema, na alama ya mshangao mwishoni.

Najua, wataalamu wataniambia sentensi ile imewekwa pale ili mtu ashtuke, atoe mkono. Ashtuke nani? Aliyeitunga hakumfikiria mzee aliyekaa miaka kwenye benchi akingoja mtu amuulize jambo. Wanunuzi hawakutaka kauli yake, ofisi iliyomtuma vihambani haikuitaka, majirani walikuwa wanamkwepa. Sasa kitu chenye elimu, kitu kutoka Ulaya, kimesimama mbele yake kikimwambia wewe sema tu, nami nitafanya kama usemavyo. Baba alisoma Kiingereza vizuri, alisomea kazi yake kwa Kiingereza. Alivaa miwani, akaitafuta ile alama ya mshangao kwenye kibodi mpaka akaipata, na akaandika.

Mashine ilitii. Sista mmoja aliyekuwa katikati ya barua alisema "eeh" na kuitazama skrini yake. Mwingine naye akasema yake imezima. Baba alijaribu kuirudisha, akaandika amri ya kuweka kama nilivyomfundisha, na haikufanya kazi, kwa sababu kile kinachopokea amri zenyewe nacho kilikuwa kimeondoka pamoja na vingine. Alijaribu tena na tena. Aliandika lile jina taratibu, akihakiki kila herufi, akidhani kosa ni la vidole vyake.

Mwenye ofisi aliporudi hakuikuta barua yake wala mashine yake. Sitaki kurudia yote aliyosema. Alisema mbele ya masista, mbele ya wale vijana wa mlima, mbele ya watu waliokuwa wanampa baba shikamoo. Alimuuliza nani kamwambia kompyuta ni mgomba. Akamwambia arudi kwake akamkatie ng'ombe majani. Baba alichukua koti lake kwenye msumari akatoka, na mtu anayetufahamu alimwona akipita Shirimatunda kwa miguu, upande wa jua, wakati magari ya Machame yalikuwa yanampita nusu tupu.

Nilirudi alasiri na kile kifaa cha printa mkononi. Mwenye ofisi alianza kunieleza, na alipofika kwenye habari ya mgomba nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu wa wakati ule hakupaswa kumwambia mwajiri wake. Nilimuuliza kama baba yake yeye aliokotwa. Nilimwambia mzee aliyemfukuza amemfanyia kazi miezi yote ile bure, na kwamba kama anataka mashine yake ipone aniondokee mbele ya macho yangu. Alishangaa kiasi kwamba aliondoka kweli. Kisha nikakaa kwenye kiti cha baba nikalia, nikafuta uso, nikafunga ofisi.

Asubuhi nilianza kazi. Nataka ieleweke kwamba nilitegemea mateso. Nilikuwa nimeleta chai kwenye chupa na ndizi za kuchemsha, nikijua nitakaa pale siku mbili tatu nikipigana na kitu nisichokielewa. Niliwasha mashine kwa CD ya kwanza. Ikaamka bila kinyongo, ikauliza maswali yake ya kawaida, nikaijibu. Niliiambia iweke upya ile misingi, ikaiweka. Niliiambia ilete programu ya barua, ikapiga hesabu zake, ikajua yenyewe kwamba inahitaji kile na kile, ikadai CD, nikaipa, ikaendelea. Barua za watu zilikuwa zimekaa sehemu nyingine ya diski na hazikuguswa hata moja. Ile barua ya kontena ilitumwa tena, nayo ikaingia. Kabla ya saa sita mchana masista walikuwa wamerudi kwenye viti vyao, na diski ilikuwa na nafasi kuliko mwanzo, maana sikuirudisha takataka yote. Mwenye ofisi aliingia akatabasamu kana kwamba jana haikuwapo. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na kwa sauti nikamwambia kazi imekwisha.

Jumamosi nilipanda Machame. Njiani nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimenunua mkate na sukari, na kichwani nilikuwa nayapanga maneno: baba, hukuharibu kitu, hakuna aliyepoteza barua, si jambo la kuumiza moyo. Nilidhani aibu yake ni ya ile hasara, na kwamba nikimwonyesha hasara haipo, aibu nayo itaondoka.

Mama nilimkuta bandani kwa ng'ombe. Aliniambia baba yuko ndani, na kwamba tangu siku ile anaamka kwa kuchelewa na mtori anaugusa tu. Aliniambia nimpe moyo. Nikaingia. Baba alikuwa amekaa kitandani, amevaa, mikono juu ya magoti, hata redio hakuifungua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na jua hili?"

Tukaulizana habari za mjini na za nyumbani. Hapo ndipo aliponisimulia, yote, mpaka ile alama ya mshangao, akitazama sakafu. Alipomaliza alisema, "Iliniuliza vizuri sana. Nikadhani inanijua." Kisha akauliza kile kilichokuwa kimemkaa moyoni tangu Jumanne.

"Wale watu, barua zao?"

"Zipo zote, baba. Hakuna iliyopotea."

Alishusha pumzi, na nikaona mabega yake yanalegea. Niliona dawa yangu inafanya kazi, nikaiongeza.

"Na mashine?" aliuliza.

"Imepona. Kila kitu kimerudi, na nafasi imezidi ya zamani."

"Ilikuchukua siku ngapi?"

"Siku gani, baba! Asubuhi moja tu. Kabla ya saa sita watu walikuwa wanaandika."

"Na zile CD, nani alikuwa anakupa?"

"Nilijipa mwenyewe," nilisema huku nikicheka.

Baba aliitikia kwa kichwa. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Nilimwambia kwamba mwenye ofisi nimeshampa yake na hatarudia tena, kwamba kiti chake kipo pale pale, kwamba wale vijana wa mlima wameniuliza mzee yuko wapi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa, na ningelisema kwanza labda lingesaidia. Nikamwambia Jumatatu nitamngoja.

"Una kazi nyingi, mwanangu," alisema. "Usiningoje."

Alisema kwa upole, pasipo chuki, kama mtu anayekushukuru kwa kumsindikiza na kukuambia hapa panatosha. Kisha akajilaza akageukia ukutani, na sikuwahi kumwona baba akilala mchana mbele ya mgeni au mtoto. Aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile, akishuka mjini kwa kliniki tu, na akimaliza kliniki alipanda gari la kurudi bila kupita kwangu. Siku ile sikuyajua hayo. Nilidhani amechoka, nikauweka mkate mezani, nikatoka kumuaga mama.

Mama alinisindikiza mpaka njiani, kapanga kake ka kukatia majani kakiwa mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu, maana dirisha la chumba kile liko upande wa banda. Nilimwambia baba hajafurahi, na sielewi, kwa sababu nimempelekea habari njema tupu, mashine imepona kabisa. Mama alitembea hatua kadhaa. Kisha akasimama.

"Ungemwambia imekushinda," alisema. "Angeshuka nawe leo hii."